Bluu Tuliyoipandisha Mlimani

Skola, mama,

Barua huanza kwa kuulizana afya, lakini afya yangu uliiona leo asubuhi uliponiwekea uji ukasimama kungoja nimalize. Yako naiona kwa jinsi unavyotembea siku hizi, umekaza mabega kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji na hataki imwagike. Kwa hiyo tuyaache hayo. Umekwenda kumuaga shangazi yako ng'ambo ya bonde, na dada yangu namjua, hatakuachia mpaka ule kwake. Nina muda. Jua bado lipo, nimekaa kwenye meza ya sebuleni, na mbele yangu, juu ya gazeti ulilotandika ili sakafu isichafuke, lipo kopo lako la rangi.

Ninataka kukuandikia juu ya kopo hilo.

Mambo mengine hutayakuta humu. Sitakuambia habari za chandarua, wala kuchemsha maji ya ziwa kabla ya kuyanywa, wala namna ya kukaa na walimu wenzako. Hayo mama yako alikufundisha, na yale ambayo hakuyamaliza umeyamaliza mwenyewe. Mimi niliishia darasa la saba. Kesho wewe unakwenda Kihagara, kule ziwani, kusimama mbele ya watoto wa watu wakuite mwalimu. Sina la kukuongezea huko. Ninachokijua ni mbao, na kahawa kidogo, na mambo niliyokosea nikiwa ndani ya nyumba hii.

Jumapili tulipotoka kanisani uliniambia, "Baba, kabla sijaondoka tuupake ukuta huu bluu ya mama." Nikajibu, tutaona. Unaijua tutaona yangu. Ulipokuwa mdogo, ukiomba kitu nikasema tutaona, ulikuwa unakimbilia jikoni kumwambia mama yako kwamba baba amekataa. Safari hii hapakuwa na mtu wa kumkimbilia jikoni. Uliliweka kopo hapo lilipo, na tangu siku hiyo tunaongea habari za mizigo tu. Sanduku. Godoro. Kamba ya kufungia godoro. Ukiondoka hivyo, najua tutaendelea hivyohivyo hata kwenye simu, utaniuliza kahawa imechanua, nitakuuliza mmepata mvua, na miaka itakwenda. Nimeona nyumba nyingi zikiishia hapo. Sitaki yetu iishie hapo.

Basi jibu langu limo humu, ila nitalifikia kwa kuzunguka kidogo. Ningelisema kwa mkato lingekuwa hapana, na hapana peke yake ungeielewa vibaya.

Sakafu hii umeikanyaga tangu unatambaa, kwa hiyo sidhani kama umewahi kuitazama. Kabla hujazaliwa nilikuwa mpasuaji mbao kwenye misitu ya huku chini, njia ya kuelekea ziwani. Tulipasua kwa msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwenzake chini ndani ya shimo, unga wa mbao ukimwangukia machoni. Mninga ukiukata unatoa maji mekundu. Mgeni akiona anadhani mtu kaumia. Nilikusanya vipande vifupi, vile ambavyo havikufaa kwa milango wala vitanda vya watu, nikavipandisha huku Ukata kidogo kidogo, kwa sababu marehemu bibi yako, mama yangu, alikuwa analalamikia saruji. Baridi ya saruji ilimwingia miguuni. Nikatandika boriti, nikapigilia vipande vyangu juu yake, nikavipiga randa na msasa mpaka ukipitisha kiganja hakikwaruzwi. Longino, jirani yetu huyu huyu, alikuja kuangalia akiwa amefunga mikono mgongoni. Akasema watu wengine hutengeneza milango wakaifunga, mimi natengeneza milango naikanyaga.

Mbao ile ilikuwa mpya, rangi yake kama asali. Leo iangalie. Imekuwa kama chai ya rangi iliyokolea, na bado inaendelea. Hilo sikulijua wakati ule, na mama yako hakulijua, kwamba mtu anapochagua rangi ya ukuta ili ipatane na mbao anachagua rangi ipatane na kitu ambacho hakijamaliza kubadilika.

Nilipokwenda Lundo kumposa mama yako, nilipokelewa kwenye sebule ya babu yako. Ukuta wake ulikuwa bluu. Babu alikuwa ameupaka kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka boti, na fremu ya mlango ilikuwa ya mninga mzee, mweusi kwa mikono ya watu walioshikashika miaka yote. Mlango ulitazama ziwa. Mwanga ulikuwa unagonga maji, unaingia ndani na kutetemeka juu ya ule ukuta, na mimi mtu wa milimani nilikuwa sijaona ukuta unaotembea. Nilikodoa macho nikasahau maneno niliyofundishwa na wazee wangu. Babu yako akaniuliza, "Kijana, umekuja kuoa au umekuja kununua ukuta?" Watu wakacheka sana. Mashangazi zake mama yako wakapata nafasi, wakaanza kuniuliza kama ni kweli sisi Wamatengo kwa ajili ya baridi tunaoga Krismasi na Pasaka tu. Nikawaambia hapana, na siku ya Kupaa Bwana pia. Nadhani jibu hilo ndilo lililonipa mke, maana kwa upande wa dini walikuwa bado wananitazama pembeni, wao Waanglikana na mimi Mkatoliki.

Mama yako alipoletwa hapa, alivua viatu mlangoni. Hakuna aliyemwambia avue. Akatembea juu ya mbao polepole mpaka dirishani, akarudi, akasema inamkumbusha mchanga wa kwao saa ya jioni, jua likishazama na mchanga bado una joto. Mimi nikafurahi kwamba sakafu yangu imesifiwa. Sikusikia kwamba aliyekuwa anaongea ni mtu aliyekumbuka kwao.

Kabati lilikuja baadaye, wewe ukiwa unaanza kusimama kwa kushikilia vitu. Fundi aliliunda kwa mninga uleule, milango miwili juu na miwili chini, akalipaka vanishi mpaka ukawa unaona uso wako. Ndipo tukaanza kuzungumza habari za kuta, ambazo mpaka wakati huo zilikuwa plasta tupu. Mimi nilitaka kama watu wote, chini kahawia isionyeshe uchafu, juu rangi ya maziwa. Mama yako akasimama katikati ya chumba akazunguka. Akasema, "Sakafu kahawia, kabati kahawia, na ukuta kahawia. Baba Skola, unanijengea nyumba au unanichongea sanduku?"

Nikasema basi, yote iwe ya maziwa. Akasema yeye anataka bluu. Nikamwambia bluu haiendi na mbao nyekundu. Akaniambia mbona kwao inakwenda. Na kweli, niliiona kwa macho yangu mwenyewe.

Siku hizi nikikaa peke yangu nafikiri kwamba hatukuwa tunabishana juu ya mbao hata kidogo. Marehemu bibi yako alipokuwa kijana alikuwa anasiriba nyumba kwa udongo mweupe anaouchota bondeni, na mlango wetu ulikuwa wa mbao nyekundu, na mimi nilikua nikijua kwamba nyumba ni nyeupe na mlango ni mwekundu. Mama yako alikua akijua kwamba nyumba ni bluu. Kila mmoja alikuwa anamkaribisha mwenzake kwa mama yake, na hakuna aliyejua kwamba ndicho anachofanya. Utakapopata mwenzi mkaanza kugombania pazia, kumbuka hilo, uliza kwanza ni pazia la nyumba gani.

Tulikubaliana tujaribu. Tuliposhuka kwenda kuwasalimu wazee wake, nilichukua kipande kimoja cha mbao kilichobaki baada ya kutengeneza sakafu nikakitia kwenye kikapu, na nilijiona mtu mwerevu kweli. Rangi tuliinunua Mbamba Bay. Tukafika nayo Lundo, tukafungua kopo uani kwa babu yako, nikapaka ubao mmoja, nikausimamisha karibu na kipande changu cha mninga. Skola, ilikuwa nzuri. Mbao ile iliwaka. Bluu ikawa kama imechotwa pale ziwani dakika hiyohiyo. Mama yako alipiga makofi kama msichana, na mimi nilikiri mbele ya shemeji zangu wote kwamba nimeshindwa.

Tukapanda na kopo kichwani, maana yake kichwani mwake, hakutaka nilibebe.

Tulipaka mwezi wa sita. Unajua mwezi wa sita hapa ulivyo, ukungu unaingia mpaka ndani ya blanketi. Tulipaka pamoja, yeye ukuta wa kabati, mimi ukuta wa dirisha. Nilipogeuka kuangalia, niliona ukuta wa rangi ya bati. Ile bluu haikuwepo. Na mbao, ambayo kule iliwaka, hapa ilionekana kama ini lililowekwa sahanini. Ilikuwa rangi ileile, kopo lilelile, mbao ileile. Mama yako naye alikuwa amesimama na brashi mkononi, inadondosha, hajui kwamba inadondosha.  Halafu nikasema, "Ni nzuri." Na yeye akasema, "Ni nzuri."

Tulikosea kwa kuchagua rangi mahali ambapo haitaishi. Rangi tuliinunua, lakini mwanga wa Lundo haukuwa ndani ya kopo. Hilo lingerekebishika. Lililotushinda ni yale maneno mawili. Brashi zilikuwa bado mbichi, ungeweza kuongeza nyeupe kidogo, ungeweza kuondoa kwa kitambaa. Tukanyamaza ikakauka.

Longino alikuja jioni, akasimama mlangoni na koti lake. Akasema, "Naona mmetuletea ziwa. Samaki wako wapi?" Mama yako akaenda jikoni akarudi na bakuli la usipa, dagaa wa kwao aliokuja nao, akamwambia hawa hapa, mla samaki mkubwa wewe. Tukacheka wote. Lakini Longino wakati anaondoka aliniambia nje, taratibu, "Ndugu yangu, hapo mmepaka baridi." Nikamjibu kwamba mke wangu anaipenda. Nilikuwa naamini hivyo. Niliamini kwa miaka yote.

Wewe ulikua ndani ya bluu hiyo. Kwako haikuwa baridi. Ulikuwa unalala kifudifudi hapa sakafuni, unaniambia ukuta ni maji na mbao ni ufukwe, na kabati ni meli imepakia vikombe. Na kulikuwa na wakati mmoja katika mwaka, kabla ya mvua, jua likishuka upande wa mlango, ambapo mwanga uligonga sakafu ukaruka mpaka ukutani, na kwa muda mfupi ukuta ukawa kama wa Lundo. Mama yako alikuwa anakuja na ungo wake wa maharage anakaa pale. Alichambua maharage. Mwanga ukiondoka anabeba ungo wake anarudi jikoni. Mimi nilikuwa naona, nikipita na jembe langu. Sikuwahi kwenda kukaa karibu naye. Nilidhani kumwachia mtu nafasi ni upole.

Sasa nafika pale ambapo wewe na mimi hatujawahi kupataja.

Mama yako alipolazwa, ulikuja likizo kutoka chuoni. Nyumba ilikuwa imetushinda, unakumbuka, tulikuwa tunakula tumesimama. Ukaniambia tumfanyie kitu, akirudi aone nyumba imepata jua. Ukanionyesha kwenye simu yako picha za nyumba za watu, sakafu za mbao, makabati ya mbao, kuta za rangi ya maziwa. Ulinieleza vizuri kwamba mbao yenye wekundu ndani yake inataka rangi yenye joto kidogo, siyo nyeupe ya hospitali wala bluu, na kwamba mahali penye ukungu ukuta ndio unaotakiwa kuleta jua. Ulikuwa sahihi. Ninakuambia tena, ulikuwa sahihi kuhusu rangi. Na mimi nilikubali upesi, labda upesi mno, kwa kuwa ndiyo rangi niliyoitaka tangu mwanzo.

Bluu ilikataa kuondoka. Tulipaka mkono wa kwanza ikatokezea, wa pili ikatokezea kwenye kona. Kabati hatukulisogeza kwa sababu ni zito na lilikuwa limejaa vyombo vyake, tukapaka mpaka pale brashi ilipofika. Tulipomaliza, chumba kilikuwa kizuri kuliko kilivyowahi kuwa. Mbao ilipumua. Longino aliingia akavua kofia.

Halafu tukamleta. Alisimama pale mlangoni, umemshika mkono huu, mimi huu. Akaangalia. Akasema, "Mmefanya kazi." Akaomba chai. Alikunywa akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, macho yake sakafuni. Wewe ulikwenda jikoni, na nilikusikia ukipuliza moto ambao ulikuwa tayari unawaka.

Najua uliondoka na nini jikoni siku ile, kwa sababu unacho mpaka leo. Unafikiri ulimnyang'anya mama yako ukuta wake akiwa kitandani hospitalini, akarudi kufia katika chumba asichokijua. Nilikiona siku ya msiba, wageni waliposifu chumba kwamba kina mwanga, nawe ukatoka nje na viatu vya ndani. Nimekiona Jumapili ulipolitoa kopo hili kwenye mfuko. Umekwenda kuitafuta rangi ileile mpaka ukaipata, na huo si ununuzi wa mtu anayependa bluu.

Kuna siku ulikwenda Mbinga mjini kufuata dawa, nikabaki naye. Kitanda chake tulikuwa tumekihamishia humu sebuleni. Alikuwa na nguvu kidogo siku ile, alikula. Akaangalia ukuta kwa muda mrefu, akaniambia, "Bluu ile ilinishinda tangu wiki ya kwanza."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

Akasema, "Na wewe kwa nini hukusema?"

Nikamwambia nilidhani anaipenda. Akasema alidhani mimi nimejikaza kwa ajili yake, akaona aibu kuniambia kwamba nilikuwa sahihi, baada ya kupanda na kopo kichwani mlima mzima. Tulicheka, Skola. Alicheka mpaka akakohoa, nikamwinua, akanitemea kwenye bakuli huku bado anacheka. Miaka yote ile tulikuwa tunahurumiana.

Ningeishia hapo ungepona, na mimi ningekuwa baba mwema. Lakini nimechoka kuwa mwema kwa namna hiyo, kwa hiyo nakupa na nusu ya pili.

Asubuhi iliyofuata nilitoka kumpa mbuzi majani. Niliporudi nilimkuta ameshuka kitandani. Sijui alifikaje, miguu ilikuwa haimbebi. Alikuwa ameegemea ubavu wa kabati, shavu lake limegusa ukuta, anachungulia ule upenyo wa nyuma, pale ambapo brashi yetu haikufika na bluu imebaki. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Kijiko. Kimeangukia huku." Nikainama nikatazama. Hapakuwa na kijiko. Nikaenda jikoni nikamletea kijiko, nikamwambia nimekipata. Akakipokea, akaniambia asante. Nikamrudisha kitandani amekishika.

Hayo mawili ndiyo niliyobaki nayo, kicheko na kijiko. Sijui lipi lilikuwa kweli. Pengine alinidanganya siku ile ya kucheka ili nisibaki na mzigo, alikuwa mtu wa kufanya hivyo. Pengine alisema kweli, na asubuhi ile alikuwa anaaga tu kitu alichoishi nacho, kama unavyomuaga hata jirani ambaye hamkuelewana. Nilikuwa na nafasi ya kumuuliza. Ningesema, Mama Skola, unaitaka bluu yako, maana Longino na mimi tungeweza kuurudisha ukuta siku hiyohiyo. Badala yake nilileta kijiko.

Ndiyo maana sikukuambia mapema. Ningekupa kicheko peke yake ningekuwa nakutuliza kwa nusu ya habari. Ningekupa kijiko peke yake ningekuua. Nikasubiri nijue lipi ni lipi kwanza, na sitajua. Mambo mengine ya marehemu hayafunguki kwa kusubiri.

Lakini hili najua, na lishike. Ukuta haukupakwa na wewe. Ulipakwa na watu wawili waliokuwa na hofu, na mmoja wao alikuwa mtu mzima aliyeishi na mama yako kabla hujazaliwa. Kama kuna swali lililopaswa kuulizwa kabla ya kufungua kopo, lilikuwa langu, na lilikuwa la miaka mingi nyuma. Wewe ulitaka aone jua. Aliliona. Mchana wa mwisho mwisho alikuwa ananiomba nifungue mlango wote, na mwanga ulikuwa unapanda kutoka kwenye mbao mpaka ukutani, wa rangi ya asali, kama mbao ilivyokuwa siku alipovua viatu. Alikuwa analala humo. Siongezi chumvi.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, mwanangu. Sitaupaka ukuta huu bluu. Ukiupaka kabla ya kuondoka, wewe utakwenda zako ukihisi umelipa, na mimi nitabaki naamka kila mwezi wa sita ndani ya rangi ya bati, nikiangalia kosa ambalo wenyewe tuliocheka juu yake tulikuwa wawili. Usinipe ukuta wa kumkumbukia. Ninamkumbuka nikifunga kifungo cha shati.

Kopo nimelifunga kamba, utaondoka nalo. Unakwenda ziwani, kwa wajomba zako ni karibu, na huko ndiko mwanga wake uliko. Nimesikia nyumba ya mwalimu uliyopewa ina kuta za plasta tupu. Kama utapenda, paka kiraka kidogo kwanza, ukubwa wa sinia, karibu na meza au kitanda, chochote cha mbao utakachopata. Kiangalie asubuhi, mchana, na jioni ukiwa umechoka. Usipake kwa ajili ya mama yako. Usipake kwa ajili yangu. Ukiona hakikupendezi, usikae nacho kwa heshima ya mtu yeyote. Wape wavuvi kopo, watapaka boti, hakuna atakayekosewa.

Na nikija kukutembelea nikasema ni nzuri, niangalie usoni kwanza kabla hujaniamini.

Hayo ndiyo niliyokuwa nataka kukuambia. Nilipanga kuiweka barua hii ndani ya sanduku, katikati ya kanga, uikute ukishafika. Baba wengi huandika hivyo, mtoto akasome mbali, alie mbali, na baba asione. Nimekaa hapa nikaona kwamba hiyo ni njia nyingine ya kunyamaza brashi ikiwa mbichi.

Nakusikia huko nje unamsalimia Longino, anakutania kwamba utarudi na mchumba mvuvi. Unacheka kidogo. Ukiingia nitakukabidhi karatasi hizi mkononi, uketi kwenye kiti hiki nilichokalia mimi, usome nikiwepo. Sitatoka nje kumwangalia mbuzi. Kama nimekosea mahali, sema. Kama una hasira, hata hiyo nitaipokea, ninayo nafasi yake.

Mimi baba yako nimekaa mbele yako. Umefika mwisho sasa. Inua uso, mama, uniambie.